Mbao ngumu zenye rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpingo, mninga, mkongo, padauki, wenge na nyinginezo

Mbao za rangi ni zipi, na zinatofautianaje na mbao za kawaida za karakana?

Hapa tunazungumzia mbao ambazo mteja anazilipia kwa ajili ya rangi ya kiini chake, bila kupakwa chochote. Za kwetu ni mpingo (mweusi, mara nyingi wenye mistari ya kahawia au zambarau iliyokolea), mninga (hudhurungi ya asali hadi wekundu), mkongo, ambao pwani ya Kenya ni mbambakofi wa milango ya Lamu, mvule unaoanza na manjano ukaishia kahawia ya dhahabu, na mpangapanga wenye mistari ya kahawia nzito na nyepesi. Kutoka misitu ya Kongo huja padauki, nyekundu ya kuwaka kama kaa la moto, na wenge, kahawia inayokaribia weusi. Kutoka Amerika Kusini kuna mbao ya zambarau, ya miti ya jamii ya Peltogyne, ambayo mafundi walioko Ulaya, Ghuba na Marekani huipata kirahisi kuliko mninga.

Uzito ndio jambo la kwanza kuzoea. Mita moja ya ujazo ya mninga au mvule mkavu ni kama kilo 650, padauki 750, mkongo 800, wenge na zambarau kati ya 850 na 900, mpingo 1,200 na zaidi. Kwa hiyo ubao wa inchi 1 kwa 6 wa futi 12 ukiwa mninga una kilo 9 hivi. Ukiwa wa mpingo ungefika 17. Tumesema "ungefika" kwa sababu mpingo wa urefu huo ulionyooka na usio na ufa ni nadra sana. Mti wenyewe ni mwembamba, umejipinda, na kiini chake kina mashimo. Panga kazi ya mpingo kwa vipande vya sentimita 20 hadi 40.

Jambo la pili ni hili, na majibu mengi hapa chini yanarudi kwake: rangi hizo ni kemikali ambazo mti umezihifadhi kwenye kiini ili kujikinga na wadudu na kuvu. Kemikali hizohizo ndizo zinazokataa gundi, zinazochelewesha vanishi, zinazochuruzika kwenye mbao jirani na zinazowasha ngozi. Ukijua mbao yako imebeba nini, unajua itakusumbua wapi.

Nitajuaje kuwa mpingo ninaouziwa si mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu?

Udanganyifu huo upo hasa kwenye vinyago vya watalii. Anza na maji: mpingo huzama, mti mweupe uliopakwa rangi huelea. Kisha geuza kitu, ukwangue chini mahali pasipoonekana kwa ncha ya kisu. Weusi ukiishia juu juu, umepata jibu. Pamba yenye spiriti kidogo nayo husaidia, lakini mpingo halisi pia huacha alama hafifu ya kahawia, hivyo usihukumu kwa pamba peke yake.

Usikatae kipande kwa sababu kina ukingo wa krimu. Hiyo ni sehemu ya nje inayozunguka kiini, na mafundi wengi huiacha makusudi ili ipambane na weusi. Ni laini zaidi na wadudu huipenda, basi isiwe sehemu inayobeba mzigo.

Mbao iwe kavu kiasi gani kabla ya kuanza kazi?

Inategemea kitu kitaishi wapi, si kilitengenezwa wapi. Mbao iliyokaa muda mrefu kwenye hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 15. Nairobi ni 11 hadi 13. Ndani ya nyumba yenye kiyoyozi mchana na usiku kule Dubai au Muscat, 8 hadi 10. Nyumba yenye kupasha joto majira ya baridi Kanada au Uswidi inaweza kuishusha hadi 6 au 7.

Chukua uso wa meza wa milimita 450 uliotengenezwa pwani ukiwa na asilimia 14, ukapelekwa kwenye nyumba itakayouvuta hadi 8. Mbao ngumu nyingi hupungua karibu asilimia 0.25 ya upana kwa kila pointi moja ya unyevu, pale zilipopasuliwa bapa (pete za mti zikiwa zimelala karibu sambamba na uso wa ubao). Pointi sita ni asilimia 1.5, yaani karibu milimita 7. Ukiwa umeukaza kwa skrubu kwenye fremu bila nafasi ya kucheza, utapasuka katikati au utavunja fremu. Mninga husogea karibu nusu ya hapo, na ndiyo sababu kubwa ya mafundi kuupenda kwa milango na makabati. Wengi hudhani unapendwa kwa rangi tu. Mkongo nao umetulia. Mpingo husogea polepole, lakini ukisogea hauna huruma.

Kama huna kipimo cha umeme, tumia mizani na tanuri. Kata kipande kutoka ndani ya ubao, angalau sentimita 30 kutoka mwisho, kwa sababu miisho hukauka mapema na itakudanganya. Kipime. Kiweke kwenye nyuzijoto 103 na ukipime kila baada ya saa chache mpaka uzito usibadilike tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 118 zikishuka hadi 104, unyevu ulikuwa asilimia 13.5.

Nimenunua mbao mbichi. Nizikausheje bila kupasuka?

Kivulini, hewa ikipita, zimeinuliwa angalau sentimita 30 kutoka chini. Weka vijiti vya kutenganisha vya milimita 20 hadi 25 kila baada ya nusu mita, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake. Vikipishana, mbao zitajikunja. Hesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene kwa mninga na mvule. Mpingo unataka zaidi ya hapo, na miisho yake ni lazima izibwe kwa nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta siku ileile ya kukatwa. Ukisubiri wiki, nyufa zimeshaingia, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kuanika juani ili kuharakisha ni njia ya uhakika ya kupoteza mzigo.

Kwa nini msumeno unaunguza mbao na meno yanaisha haraka?

Kwanza hakikisha una diski yenye meno ya kabaidi. Chuma cha kawaida hakidumu hata nusu siku kwenye mbao hizi. Kwa diski ya inchi 10, meno 24 yanatosha kupasua kwa urefu, na 40 au zaidi kwa kukata kwa upana. Kisha tazama mwendo wako. Ukisita katikati ya mkato, diski inazunguka mahali pamoja na kuunguza. Sukuma kwa kasi moja, na kama mashine inazidiwa na ubao mnene, pasua mara mbili, kila mara nusu ya kina.

Mbao ya zambarau ina shida ya ziada: ikipata joto la diski butu hutoa utomvu unaoganda kwenye meno, meno yaliyoganda yanaongeza joto, na mzunguko unaendelea. Loweka diski kwenye maji ya moto yenye sabuni au soda ya kufulia, sugua kwa brashi ya plastiki, kausha vizuri.

Mvule ni habari nyingine. Ndani yake hukaa vijiwe, madini ya kalisi yaliyojijenga mahali mti ulipojeruhiwa. Kwa nje huwezi kuviona, na jiwe moja linatosha kung'oa meno kadhaa. Kagua kila mahali penye nyufa nyeupe au doa la kijivu gumu. Tone la siki likitoa povu, hapo pana jiwe; lichimbue kwa tindo ya zamani kabla ya kurudi mashineni. Msaji (mtiki) hauna vijiwe vya namna hiyo, ila una chembechembe za silika zilizosambaa mwilini mzima, hivyo unalemaza makali polepole bila kelele.

Randa inang'oa nyuzi, hasa kwenye mninga na padauki. Nifanyeje?

Nyuzi za mbao hizi hupishana: mstari mmoja unaelekea huku, wa pili kule. Ndiyo maana uso wake unameremeta kwa mistari ukiugeuza kwenye mwanga, na ndiyo maana hakuna upande ulio sahihi wa kuranda. Noa upya hata kama unadhani makali yapo. Sogeza bamba la juu la randa mpaka libaki nusu milimita au pungufu kutoka kwenye makali, bana mdomo wa randa, na uondoe maranda membamba yanayoonyesha mwanga. Kwenye mashine usizidishe nusu milimita kwa kila mpito.

Pale panapokataa kabisa, acha randa. Bamba jembamba la chuma la kukwangulia, lililokunjwa ukingo vizuri, litamaliza kazi ambayo randa ingeharibu. Halafu msasa: 80 kwa mikwaruzo mikubwa, 120, 180, 220. Mpingo unaweza kufika 400 na 600 nao ukaanza kung'aa wenyewe, ila usiukandamize kwenye mashine ya kukereza; joto la msasa huzaa nyufa ndogo kama nywele juu ya uso.

Gundi inaachia baada ya miezi michache.

Mara nyingi kosa liko kwenye muda. Uliranda Jumatatu, ukagundisha Alhamisi, na katikati mafuta ya asili yalipanda juu ya uso. Kwa msaji na mpingo, fuata mpangilio huu: randa au piga msasa wa 80 kidogo sehemu ya kuungia, futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, rudia kwa kitambaa kipya mpaka kisichukue rangi nyingi, acha dakika chache asetoni iruke, gundisha hapohapo. Usingoje chai.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa mninga, mkongo, mvule na padauki. Bana angalau saa moja na usibebeshe kiungo uzito hadi saa 24 zipite. Kwa mpingo na msaji tumia epoksi, na usiikamue: ukikaza sana unaitoa yote nje na kubakiza kiungo kikavu. Supaglu ni ya kuziba ufa mdogo kwenye kazi ya kukereza. Haishiki mguu wa kiti.

Vanishi ya mafuta haikauki juu ya mpingo. Siku ya nne bado inanata.

Si vanishi mbovu, wala si hali ya hewa. Miti ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, ina kemikali zinazozuia mafuta kushikana na hewa, na bila kushikana na hewa vanishi ya mafuta haigandi. Ongezeko la koti la pili litaongeza tu unene wa kitu kinachonata.

Ondoa yote kwa tina na kitambaa kigumu, acha uso upumue siku moja au mbili. Paka makoti mawili membamba ya shelaki isiyo na nta, gramu 120 kwa lita moja ya spiriti. Ikikauka, vanishi itakaa bila shida kwa sababu haigusi tena mbao. Lakini kusema kweli mpingo haustahili vanishi. Ufikishe msasa wa 600, usugue kwa nta ya nyuki, basi.

Nimeunganisha padauki na mbao nyeupe. Sasa nyeupe imegeuka waridi.

Hapa ndipo ushauri wa swali lililotangulia unapogeuka sumu. Rangi ya padauki huyeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo shelaki iliyokuokoa kwenye mpingo itaivuta na kuitandaza juu ya mjakaranda au mwembe uliokaa pembeni. Vumbi nalo ni tatizo, maana hujikita kwenye vitundu vya mbao nyeupe.

Piga msasa kila kipande peke yake hadi 180 kabla ya kuunganisha. Baada ya kuunganisha, kwangua kuelekea urefu wa nyuzi badala ya msasa, na kamwe usivuke kutoka nyekundu kwenda nyeupe. Puliza vumbi kwa kompresa. Ukifuta kwa kitambaa kilicholoa unapaka rangi. Koti la kwanza lipulizwe, jembamba kiasi cha ukungu, likauke kabisa kabla ya la pili. Brashi na kitambaa vinaburuta rangi. Kwa kazi ya thamani, paka kipande cheupe koti moja la kuziba kabla hakijaunganishwa, huku sehemu za gundi umezifunika kwa utepe.

Kama vipande vyote vinafutwa kwa asetoni kabla ya gundi, kila kimoja na kitambaa chake.

Rangi itadumu?

Haitadumu ilivyo siku ya kwanza, na mteja aambiwe mapema. Mbao ya zambarau ikikatwa ni kijivu-kahawia. Iache kwenye mwanga na hewa wiki moja au mbili, ukiigeuzageuza ili pande zote zikolee sawa, ndipo upake. Baada ya miaka juani inaelekea kahawia. Padauki hupoteza mwako wake wa kaa la moto na kuwa kahawia yenye wekundu. Mvule na mkongo hukolea. Mninga hukolea kidogo tu na hubaki mzuri, na kwa maoni yetu hakuna mbao inayozeeka kwa heshima kuliko huo. Mpingo haubadiliki kwa kuonekana.

Vanishi yenye kinga ya miale ya jua huchelewesha mabadiliko, haiyazuii. Kuweka kitu mbali na dirisha kunasaidia zaidi. Na usiache chombo cha maua juu ya meza mpya ya padauki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Ukikiondoa utakuta mduara mwekundu usiokuja kufutika haraka.

Skrubu zinakatika ndani, na kando yake kuna madoa meusi.

Toboa kwanza. Kwa skrubu namba 8, keekee ya milimita 2.5 inayotosha mbao laini ni ndogo mno kwa mpingo au wenge, tumia 3.2. Paka nta kwenye nyuzi za skrubu. Kama ni ya shaba, ingiza ya chuma ya ukubwa uleule kwanza, itoe, ndipo uingize ya shaba.

Madoa ni ya chuma kukutana na tanini (kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao) penye unyevu. Mvule, mkongo na msaji ni wepesi wa kudoa. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu, na usiache klampu ya chuma ikigusa gundi iliyoloa. Doa jipya huondoka kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini. Vaa glavu, kisha suuza vizuri. Mkongo una kituko chake kingine: unga wa manjano ndani ya vitundu hutia doa kwenye kitambaa kikiloa, hivyo usitengenezee kiango cha taulo.

Wenge ina vitundu vikubwa. Vizibwe?

Kwa meza inayong'aa, ndiyo: epoksi nyembamba au kijazio cheusi, kikwanguliwe kikikauka. Kwa kazi ya mafuta au nta, viache. Wenge iliyozibwa kila kitundu hufanana na plastiki.

Vumbi lake lina madhara gani?

Vumbi la mbao kwa ujumla limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Juu ya hapo, mvule, mpingo, padauki na mninga huweza kuleta upele, kupiga chafya mfululizo na pumu, na mwili unaweza kuvumilia miaka kisha ukakataa ghafla. Vaa barakoa ya daraja la N95 au FFP2. Kitambaa kilichofungwa puani hakichuji vumbi laini la msasa. Mikono mirefu, oga kabla ya kukaa na watoto, na maranda haya usiyatandike kwenye banda la kuku. Kibanzi cha wenge kikikuingia kitoe mara moja, kwani jeraha lake huvimba na kutunga usaha upesi.

Inafaa kwa vibao vya kukatia chakula na vijiko?

Chagua mbao yenye vitundu vidogo: mzeituni na mpingo zinafaa. Wenge inahifadhi uchafu, padauki inatoa rangi. Paka mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa, au uchanganye na nta ya nyuki. Mafuta ya nazi ya jikoni na ya alizeti huchacha. Ukitumia mafuta ya kitani kwa kazi nyingine, vitambaa vyake vitandaze nje au viloweke majini. Vikikunjwa pamoja hujipasha joto vyenyewe na kuwaka.

Vibali vinahitajika?

Tanzania, mbao za asili zinazosafirishwa ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hata ukinunua ubao mmoja, dai risiti. Muuzaji asiyeweza kuonyesha karatasi anakuuzia matatizo yake.

Kimataifa kuna CITES, mkataba unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Dalbergia zote ambazo hazikuwa kwenye orodha ya juu zaidi ziliingia Kiambatisho chake cha II, cha vitu vinavyovuka mpaka kwa kibali, mwanzoni mwa 2017. Tangu mwisho wa 2019, ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa masharti hayo, na pia bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja. Februari 2023 jamii za Kiafrika za Pterocarpus na Afzelia ambazo hazikuwa zimeorodheshwa zilianza kufuata masharti: humo wamo mninga, padauki na mkongo; mkurungu (ule mukula wa Katanga na Zambia) ulikuwa umeshaingia tangu 2019. Kwa hizi kinachobanwa ni magogo, mbao zilizopasuliwa, veneya, plaiwudi na mbao zilizochongwa maumbo ya mfululizo kama za sakafu. Kabati lililokamilika halimo. Nchi unayopeleka inaweza kuwa na sheria kali zaidi, kwa hiyo uliza ofisi ya CITES ya nchi zote mbili kabla ya kufunga mzigo.

Sina fedha za ubao mzima. Nianze na nini?

Mabaki. Karakana za vinyago na za milango hutupa vipande ambavyo ni hazina: vishikio vya visu na tindo, vitasa, kalamu, mistari ya kupambia ukingo wa kabati. Vipande vya mpingo vya sentimita 15 vinatosha kukereza vitasa. Viulizie kwa kilo, kagua miisho kwa nyufa ukiwa umeiloweka kidogo kwa maji, maana ufa mwembamba hujitokeza mbao inapokauka juu na maji kubaki ndani ya ufa. Kwa kazi ya kwanza ya kuchanganya rangi, weka mninga na mpingo: hakuna kati yake inayochuruzika sana kwa mwenziwe, na mninga utakusamehe kama kipimo cha unyevu hakikuwa sahihi.